Kumsindikiza Mama Hadi Frankfurt

Jumamosi, 4 Novemba

Nimefua, nimekunja, nimepeleka gari kubadilishwa oili. Mama kakaa jikoni tangu asubuhi anamenya ndizi za mtori, koti juu ya kanga. Nikamwambia nyumba ina joto. Akasema joto la mashine linaishia kwenye ngozi, halifiki mfupani.

Orodha ya safari iko kwenye mlango wa friji. Kila mtu kaandika anachotaka. Mutua, mume wangu: Salzburg, milima, soseji. Tumaini, binti yetu, miaka kumi na tano: Nuremberg, Rothenburg, kuteleza kwenye barafu. Anasoma Kijerumani shuleni mwaka wa pili na tayari anajiona mwenyeji. Mama kaandika mstari mmoja tu kwa mwandiko wake wa kizamani: Sista Irmgard.

Wazo lilikuwa la Mutua. Mama alikuja mwishoni mwa Juni, akapewa miezi sita. Lazima awe ameondoka kabla Desemba haijaisha. Badala ya kumpakia kwenye ndege peke yake, tumsindikize. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Turuke naye hadi Ujerumani, tule Krismasi huko wote wanne, tuzunguke masoko yao yenye taa, tumfikishe kwa Sista wake. Kisha yeye aendelee Kilimanjaro, sisi turudi Minneapolis.

Nusu ya njia. Nililikubali wazo hilo haraka mno. Hata Mutua alishangaa.

Jumapili, 5 Novemba

Ibada ya Kiswahili. Wakati wa matangazo Mama kasimama bila kuitwa, akatangaza kwamba Krismasi hii atakuwa Ujerumani. Makofi. Mchungaji akamwombea safari.

Nyumbani Machame wanajua tangu Septemba. Amewapigia simu wote. Kila mmoja kamtuma salamu kwa Sista, naye anaandika majina kwenye daftari la Tumaini la hesabu. Leo yamefika arobaini na mawili.

Sista Irmgard ni diakonisa, sista wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Alifanya kazi zahanati ya kwetu miaka ishirini na mbili. Ndiye aliyemfundisha Mama ukunga, na ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Sasa ana miaka tisini na moja, yuko kwenye nyumba ya wazee katika mji mdogo, saa moja kwa treni kutoka Nuremberg. Wanaandikiana kila Pasaka. Barua ya mwaka huu ilikuwa na mistari mitano tu, na mstari wa mwisho umeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi.

Alhamisi, 9 Novemba

Ubalozi wa Ujerumani umenijibu barua pepe kuhusu viza ya Mama. Haiwezekani. Mwombaji anatakiwa aombe akiwa katika nchi anakoishi. Mgeni wa miezi sita haishi hapa. Angeomba Dar es Salaam kabla ya kuja. Anaruhusiwa kupita uwanjani kubadilisha ndege, basi. Kutoka nje, hapana.

Nimeisoma kwenye gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, dakika kumi kabla ya zamu. Nikaisoma tena. Halafu nikaingia kuwapa wazee wangu dawa zao, nikitabasamu.

Mimi ndiye mtu wa makaratasi katika familia hii. Nimejaza fomu za nusu ya watu wa usharika. Hili sikulitazama. Nilinunua tiketi kwanza, nikadhani viza ni jambo la wiki mbili.

Mama sijamwambia.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimepiga simu ubalozini. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole, akanisikiliza mpaka mwisho. Jibu ni lile lile.

Nimemweleza Mutua kule gereji ili Mama asisikie. Akashika kichwa. Akasema, "Aika, mwambie Mama leo."

Nikasema kesho.

"Si kesho. Leo. Huyu mama ana-plan kama mtu wa harusi."

Najua. Kaanza kufuma shali ya zambarau. Ya Sista.

Jumatano, 15 Novemba

Tumaini anamfundisha Bibi yake Kijerumani mezani. Kumbe Bibi ana Kijerumani chake. Alikiokota chumba cha kujifungulia miaka ya sabini. Anajua kusema sukuma, pumua, bado kidogo, na usiogope. Basi. Tumaini kacheka mpaka machozi. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba kwa maneno hayo anaweza kuzunguka Ujerumani nzima.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji nisisikie.

Mimi ni mwoga. Naliandika ili nilione.

Jumapili, 19 Novemba

Mama kaniuliza kwenye gari: mbona hatujaenda kuchukuliwa alama za vidole? Kuna mama mmoja kanisani kamwambia viza za Ulaya zina vidole.

Nikasema bado wanashughulikia.

Nimemdanganya mama yangu, Jumapili, tukitoka kanisani, yeye kashika Biblia mapajani. Njia nzima alikuwa anatazama miti isiyo na majani. Sijui kama aliniamini.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga wa Mutua amekauka, pilau yangu imeokoa siku. Mama kaomba sala ndefu. Kashukuru kwa afya, kwa mkwe asiye na makelele, kwa mjukuu. Kashukuru kwamba Mungu atamwonyesha Sista Irmgard kabla mmoja wao hajafumba macho.

Wakati wa amina nilifumbua macho. Tumaini alikuwa ananitazama. Hakuwa anatazama chakula. Alinitazama mimi, muda mrefu.

Anajua. Jana alitumia kompyuta yangu kutafuta treni za Rothenburg.

Ijumaa, 24 Novemba

Mama amejua. Si mimi niliyemwambia.

Nilirudi kutoka kazini saa kumi. Tumaini alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akanieleza mwenyewe, kwa Kiingereza, haraka haraka. Kwamba Bibi alimwomba amsaidie kuandika kwa Kijerumani, "nitakuja tarehe ishirini na moja." Kwamba hakuweza kuliandika. Kwamba alimwambia kwa Kiswahili, "Bibi, hutaweza kuingia. Hawataki. Mama anajua." Mtoto huyu anaelewa kila kitu lakini hujibu Kiingereza tangu akiwa na miaka minne. Sentensi zake ndefu za kwanza za Kiswahili, na zikawa hizo.

"You should have told her," akaniambia.

Mlango wa Mama umefungwa. Nikagonga. Akasema amelala. Hakuwa amelala.

Jumamosi, 25 Novemba

Kaamka, kafanya uji, kanywa, kaosha kikombe. Salamu kaitikia. Zaidi ya hapo hakuna.

Baadaye nikamkuta anapanga sanduku. Safari iko wiki tatu mbele. Kanga moja moja, kila moja kaipiga pasi.

Nikamwomba msamaha nimesimama mlangoni kama mtoto. Akasema, "Nimesikia." Akaendelea kukunja.

Kusikia si kusamehe. Kwetu hayo ni maneno mawili.

Jumapili, 26 Novemba

Hatukwenda kanisani. Mutua kamchukua Tumaini dukani, nadhani kwa makusudi. Tukabaki wawili jikoni.

Nikaanza kueleza habari za viza upya. Akanikata.

"Viza si kosa lako. Kila nchi ina mlango wake. Kosa lako ni kuniacha nifume shali wiki mbili."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Na kuna lingine."

Akasukuma kikombe pembeni.

"Baba yako ana miaka sita kaburini, pale kihambani, kwenye shamba letu. Wachagga wa dunia nzima wanarudi nyumbani Krismasi. Wa Dar wanarudi, wa Afrika Kusini wanarudi. Wewe umepata likizo, umepata tiketi, umetafuta mpaka ratiba za treni za Wajerumani. Unanisindikiza nusu ya njia. Hiyo nusu nyingine, Aika, inakuogopesha nini?"

Nikasema kazi. Nikasema shule ya Tumaini. Akanitazama tu, kama alivyokuwa akiwatazama wasichana wa zahanati waliosema hawana mimba.

Nikalia. Hakunibembeleza. Alikaa na mimi mpaka nikamaliza, kisha akainuka akawasha jiko.

Jumatano, 29 Novemba

Siku tatu nazunguka na swali lake. Nalijibu hapa, kwake sijaweza.

Baba alifariki Februari. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka. Mwanasheria aliniambia nikitoka nisitegemee kurudi. Tumaini alikuwa na miaka tisa. Nikabaki. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa kitandani, nimevaa nguo nyeusi peke yangu katika nyumba ya watu wawili walioenda kazini na shuleni. Mdogo wangu ndiye aliyeshika simu. Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanaweka maua.

Mimi ni kifunguamimba. Udongo wa kwanza baada ya Mama ulikuwa wangu kuutupa. Akautupa mdogo wangu.

Makaratasi yakaja. Miaka mitatu sasa naweza kwenda. Kila mwaka napata sababu. Ukweli ni kwamba naona aibu. Naogopa shangazi atakayeuliza ulikuwa wapi. Naogopa kusimama pale nisijue la kusema kwa baba yangu.

Ujerumani ilikuwa rahisi. Ningekuwa mtoto mwema mpaka katikati ya njia.

Jumamosi, 2 Desemba

Mimi na Mutua tumekwenda Burnsville kununua sanduku. Madukani kumejaa taa na nyimbo. Tukazunguka ghorofa nzima bila kununua kitu. Mwisho nikamwambia karibu na duka la viatu: nataka kwenda na Mama mpaka nyumbani. Nyinyi mwende Ujerumani.

Tukatembea mpaka kwenye gari. Akakaa na ufunguo mkononi.

"Mimi nilitaka siku tisa," akasema. "Siku tisa bila shift. Wewe, mimi, na mtoto, tukikula pamoja, hakuna mtu anaangalia saa. Hiyo tu ndiyo nilitaka. Hao Wajerumani wenyewe sikuwa na haja nao."

Mutua yuko ghala la Eagan, zamu ya alasiri. Mimi asubuhi. Kuna wiki tunaonana Jumapili tu na kwenye mlango wa gereji. Nilikuwa nimesahau kwamba safari hii ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

Nikamwambia pole. Akawasha gari. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Kwa baba yako lazima uende. Hiyo najua. Nipe siku mbili nikasirike kwanza."

Nampenda huyu mtu.

Jumapili, 3 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mshumaa mmoja.

Nimemwambia Tumaini baada ya chakula. Vibaya sana. Kasema kwa Kiingereza kwamba kwanza nilimdanganya Bibi, sasa namtoroka yeye. Kwamba Krismasi siyo Krismasi mama akiwa bara jingine. Nikamwambia hivyo ndivyo Bibi yake amekaa miaka kumi na saba. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Akapanda juu. Mlango. Picha ya ukutani ikaenda upande.

Jumanne, 5 Desemba

Mama ndiye aliyelifungua fundo, si mimi.

Kamwita Tumaini jikoni baada ya shule. Mimi nilikuwa nakunja nguo sebuleni, nikasikia. Kamwekea mbele daftari la majina. Yamefika sitini na saba. Kamwekea na shali.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Mimi sitaingia kwa Sista. Mama yako ana kazi kwa babu yako, nimemtuma mimi. Baba yako hajui Kijerumani wala hajui Machame. Nani amebaki?"

Akamsogezea shali karibu.

"Utamvika shali. Utamsomea majina yote, polepole, usiruke hata moja. Akichoka mwache apumzike, kisha endelea. Utaweza?"

Nikasikia kiti kikisogea. Kisha Tumaini, kwa Kiswahili: "Bibi, haya majina ni magumu."

"Ndiyo maana tunaanza leo."

Wamekaa saa nzima. Ndesamburo, Ndeshukurwa, Aikaruwa. Mtoto anakosea, Bibi anarudia.

Mutua karudi, kanikuta bado nakunja taulo ile ile. Akasema, "Tiketi yako nime-change. Usiniulize." Akaenda kula. Siku zake mbili za hasira zimeisha kwa wakati.

Ijumaa, 8 Desemba

Naomba viza ya Tanzania. Ndiyo, mimi. Nilipokula kiapo hapa nilipoteza uraia wa kule, sheria yetu haitaki viwili. Fomu inauliza nchi nilikozaliwa: Tanzania. Uraia: Marekani. Sababu ya safari. Kuna orodha ya kuchagua. Nikaweka kutembelea ndugu.

Mama alikuwa hajui habari ya kiapo. Nikamwambia hapo hapo, fomu ikiwa wazi. Nimechoka kuficha. Akatazama skrini muda, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kwa hiyo mimi Wajerumani wamenikataa, na wewe unabisha hodi kwetu."

"Ndiyo, Mama."

Akaanza kucheka. Tulicheka mpaka Tumaini kashuka kuuliza kuna nini. "Mama yako anakuja kwangu mgeni," akamwambia. "Siku mbili atakula. Siku ya tatu nampa jembe."

Alhamisi, 14 Desemba

Viza yangu imetoka.

Mutua na Tumaini wamepanga upya safari yao mezani. Salzburg wameitoa, ni mbali. Siku mbili Nuremberg, siku moja kwa Sista, Rothenburg, kisha kurudi Nuremberg kwa ajili ya Krismasi. Tumaini kachora ramani ya vibanda vya soko: hapa biskuti za tangawizi, hapa malaika wa majani makavu, hapa Baba atakula soseji tatu ndani ya mkate mmoja. Wamebishana kuhusu hoteli. Wamekubaliana kuamka mapema siku ya Rothenburg wapite mitaani kabla ya watu.

Nilikuwa nawasikiliza nikiosha vyombo. Wivu umenishika. Mimi ndiye niliyetafuta hizo treni. Nilitaka kuona mji ule wenye kuta. Nilitaka kushika kikombe cha moto nje kwenye baridi na mume wangu, bila kutazama saa.

Siwezi kuwa sehemu mbili. Ni hivyo tu.

Jumatatu, 18 Desemba

Tunaondoka leo. Theluji haijashika mwaka huu, nyasi ni kahawia tu. Mama kakagua chumba chake mara tatu, kafagia, kavua mashuka kitandani. Nikamwambia aache. Akasema mgeni haachi uchafu.

Masanduku manne sebuleni. Mawili yana majaketi, mawili yana zawadi za watu wa Machame.

Jumanne, 19 Desemba. Frankfurt

Naandikia kwenye ndege ya pili, Mama kalala kando yangu.

Tulikuwa na saa tatu uwanjani, upande wa ndani, kabla ya polisi wa pasipoti. Tukapata viti vinne mbele ya dirisha kubwa. Nje mvua nyembamba, malori madogo, mtu mwenye fulana ya njano anasukuma kigari. Mama akakaribia kioo.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mama," akasema Mutua.

Akaitazama. Sijui aliwaza nini. Miaka ishirini na mbili alifanya kazi na mtu wa nchi hii, na leo umbali wake ni unene wa kioo. Akasema, "Wana mvua kama ya kwetu ya Julai," akarudi kukaa.

Mutua kanunua mikate ya chumvi iliyosokotwa na chai nne. Tukala kwenye mapaja. Hakuna aliyetazama saa mpaka saa ilipotutazama sisi. Dakika tisini labda. Mutua kashika mkono wangu muda wote, jambo ambalo hafanyi mbele ya mkwe.

Kisha wao wakapanga foleni. Tumaini kamkumbatia Bibi yake sana. Kunikumbatia mimi ilikuwa ngumu kidogo, tulikuwa bado na mabaki ya ugomvi. Halafu akanishika shingoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Akaninong'oneza, "Salimia Babu." Kwa Kiswahili.

Nikawatazama mpaka wakapita kwa yule askari. Mutua hakugeuka. Angegeuka angelia, namjua.

Mama akanishika kiwiko. "Twende, mwanangu. Geti letu liko mbali."

Alhamisi, 21 Desemba. Machame

Tumefika jana. Mdogo wangu katupokea na gari la kukodi. Barabara ya kupanda imetiwa lami, sikuitambua. Migomba naitambua.

Watu wamejaa tangu jana. Kila niliyemwogopa amekuja. Shangazi mkubwa, yule hasa, kanishika mashavu akasema nimenenepa, kanipa kibuyu cha maziwa nishike, akaenda kukaa. Hakuna aliyeuliza. Nilijiandaa na majibu ya miaka sita, hayana mtu wa kumpa.

Kaburi liko hatua hamsini kutoka jikoni. Nimeiona saruji yake nikipita kuchota maji. Sijasogea.

Mama anaona.

Jumamosi, 23 Desemba

Leo ilikuwa siku ya Sista.

Asubuhi Tumaini katuma video ya soko la Nuremberg. Vibanda vyenye mapaa ya mistari myekundu na myeupe, moshi, watu na vikombe. Wazee wanapiga matarumbeta kwenye ngazi za kanisa. Mama kaiangalia mara nne. Akasema tarumbeta ya tatu inachelewa, ya usharika wetu haichelewi.

Saa nane simu ya video ikalia. Mama kavaa gauni la kanisani. Tulikaa kwenye benchi nje ambako mtandao unashika, nimeshika simu kwa mikono miwili.

Chumba kidogo, dirisha, kitanda. Sista Irmgard kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama mtoto, shali ya zambarau mabegani. Tumaini kapiga magoti kando yake na daftari. Mutua tulimwona mguu tu.

Tumaini akaanza kwa Kijerumani. Kisha akasoma majina. Jina la kwanza, la pili, la tano. Sista alikuwa kafumba macho. Nikadhani kalala. Kwenye jina la sita akafumbua macho, akamsahihisha matamshi. Kwa Kichagga.

Mama akapiga kelele. Sijawahi kumsikia Mama akipiga kelele hivyo. Akamwita jina ambalo wanawake wa zahanati walimpa zamani. Mzungu yule akageuza uso kutafuta sauti inatoka wapi, Tumaini akamsogezea simu, na wakaanza. Kichagga kitupu, cha kizamani, chenye maneno ambayo hata mimi huyasikia kwa wazee tu. Mama na Sista, dakika arobaini. Tumaini alinitazama kwenye skrini, haelewi hata neno, anatabasamu huku machozi yanamtoka.

Walisema nini sitaandika. Ni yao. Naandika moja tu: Sista aliuliza yule mtoto aliyetoka miguu mbele, aliyempa shida usiku kucha, yuko wapi. Mama akanisukuma mbele ya simu. "Ni huyu. Amerudi."

Baadaye muuguzi akaja kusema inatosha. Majina yaliyobaki Tumaini atayasoma kesho. Sista kamwambia arudi, na Mutua kasema Rothenburg haikimbii.

Jumatatu, 25 Desemba

Nimeamka kabla ya wengine. Ukungu. Nimechukua ufagio wa njiti nikaenda mwenyewe.

Nilifagia majani makavu ya migomba juu ya saruji, kisha pembeni, kisha njia nzima mpaka kwenye ua. Saruji ina ufa mdogo upande wa miguu. Nikaweka kidole. Nikachukua udongo mkononi, nikakaa nao kidogo, nikautupa.

Nilidhani nitasema mengi. Nilisema, "Baba, ni Aika. Tumaini anakusalimu." Nikakaa chini kwenye nyasi zenye umande mpaka kanga ikalowa.

Mutua kaandika kutoka Nuremberg. Majina yaliisha jana, wamelala vizuri, leo wanakwenda kanisani, halafu tena kwa Sista.

Kengele ya usharika imepigwa mara ya kwanza. Mama kaja na vikombe viwili vya chai, kanipa kimoja, kakaa kando yangu. Tumekunywa. Hatukuwa na haraka.